AFYA KATIKA JAMAA: Bibi anayeamka usiku, na kinini kutoka Marekani



Mwezi huu tunaacha kwanza barua za tumbo na za kikohozi, ambazo ni nyingi siku zote, ili tujibu barua moja iliyotoka Kalundu, kule Uvira. Aliyeiandika ni msichana. Aliandika kurasa nne. Tunatoa hapa kipande tu, na maneno yake tumeyaacha namna alivyoyasema.

"Bibi yetu mwenye alitulea anasahau sana. Mwanzo alikuwa anasahau ufunguo na feza ya soko, tukacheka. Sasa ananiita kwa jina la mama yangu mwenye alikufa. Muchana anasinzia kwa kiti. Usiku anaamuka, anafunga kitambaa cha kanisa, anafungua mulango na kushuka mpaka ku bandari. Anasema boti ya Kalemie inafika na yeye anangojea bwana yake. Na babu alitumika ku mugodi kule Katanga, akakufa zamani. Wavuvi ndio wanamurudisha. Jirani mumoja ameanza kusema: mwanamuke muzee anayetembea usiku, munajua anatafuta nini. Naogopa. Muyomba wangu mwenye kuwa Marekani ametuma chupa ya kinini, inaitwa melatonini. Anasema wenye elimu wameona kama inalinda ubongo wa wazee. Tumupatie ao tusimupatie?"

Dada, uliuliza swali moja, lakini ndani ya barua yako yako mawili. La kinini tutalijibu. La jirani nalo tutalijibu, kwa maana linaweza kuua mbio kuliko ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa unaofanana na wa bibi yako una jina la munganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimchunguza mwanamke aitwaye Auguste Deter, mwenye miaka 51, ambaye maneno yalimpotea mdomoni na hata jina lake aliliandika kwa shida. Mama yule alipokufa mwaka 1906, Alzheimer aliangalia ubongo wake kwa mikroskopi. Akaona uchafu wa namna mbili: madoa katikati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Leo tunajua kwamba madoa yale yanatokana na protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile zinatokana na protini iitwayo tau.

Lakini madoa na nyuzi siyo mwisho wa habari. Ubongo wa mtu una chembe za neva karibu bilioni 86, na chembe hizo kwa kawaida hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi nyembamba kabisa: ukate mita moja vipande milioni 50, kipande kimoja ndicho upana wake. Habari ikifika ukingoni, chembe inatoa dawa kidogo ndani ya nafasi ile, na dawa hiyo inavuka ng'ambo kuamsha chembe ya pili. Mahali hapo pa kuvukia wenye elimu wanapaita sinapsi. Wewe unayekaa Kalundu utaelewa upesi: ni bandari. Mji unaweza kuwa na watu wengi na mali nyingi, lakini gati likivunjika na boti zikikosa pa kufunga kamba, watu wa Kalemie hawatapata kitu kutoka kwenu. Kumbukumbu haikai ndani ya chembe moja kama unga ndani ya mfuko. Iko katika njia zinazopita bandari maelfu na maelfu.

Mwaka 1991 munganga Robert Terry na wenzake, kule Marekani, walihesabu mambo haya katika ubongo wa wagonjwa waliokufa. Waliona kwamba kitu kinacholingana zaidi na kupotea kwa akili siyo wingi wa madoa, bali ni upungufu wa sinapsi. Kisha wengine wakaonyesha kwamba vipande vidogo vya amiloidi, kabla havijajikusanya kuwa madoa, vinaweza kushambulia bandari hizo. Na sehemu ya ubongo inayopokea habari mpya inashikwa mapema. Ndiyo maana bibi anakumbuka vizuri boti ya miaka mingi iliyopita, lakini hakumbuki kwamba amekula asubuhi. Hasemi uongo, na hakukusahau kwa kukosa upendo. Habari mpya zinafika gatini, zinakuta gati limevunjika.

Sasa tuje kwa hiyo melatonini.

Katikati ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya mchele. Mfilosofi Mfaransa Descartes alifikiri zamani kwamba roho ya mtu inakaa humo. Hatutagombana naye leo. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walikusanya tezi hizo kwa maelfu kutoka kwa ng'ombe waliochinjwa, wakatoa ndani yake kitu walichokiita melatonini. Lerner alikuwa munganga wa ngozi. Alikuwa anatafuta mambo ya rangi ya ngozi, akakuta saa ya usiku.

Ndiyo, ni saa. Giza likiingia, tezi inaanza kutoa melatonini. Usiku wa manane inakuwa nyingi. Mwangaza wa asubuhi ukiingia machoni, inakoma. Haimwangushi mtu kama ile dawa anayopewa kabla ya kupasuliwa. Ni kama kengele ya kanisa: inatangazia mwili mzima kwamba usiku umefika, kila kiungo kishike kazi yake ya usiku. Wababa wanaofanya kazi ya zamu ya usiku shimoni au kwenye kiwanda wanajua kengele hiyo ikivurugika mtu anakuwa namna gani: anarudi asubuhi, analala, anaamka bado amechoka, anagombeza watoto bila sababu. Wavuvi wa Kalundu wanajua pia. Ndakala wanavuliwa usiku usiokuwa na mwezi, taa zikiwashwa juu ya maji ili samaki wapande kufuata mwangaza. Samaki anadanganywa na taa, na tezi ya mvuvi anayeikodolea macho mpaka asubuhi inadanganywa vilevile.

Mtu akizeeka, kengele inalia kwa sauti ndogo. Kwa wagonjwa wa Alzheimer inalia ndogo zaidi. Vipimo vya maji yanayozunguka ubongo vimeonyesha hivyo. Tena ile sehemu ya ubongo inayoongoza saa yenyewe inaharibika. Mchana na usiku vinachanganyika. Bibi yako anasinzia kwenye kiti saa nane ya mchana, na saa nane ya usiku anafunga kitambaa.

Je, kinini hizi zinalinda bandari za ubongo? Hapa nawaomba wasomaji wawe na uvumilivu, kwa maana habari zinazoletwa mbio kwenye simu zinachanganya mambo matatu: chembe ndani ya chupa, panya, na mtu.

Tuanze na chembe. Mwaka 1997 wataalamu wa Marekani waliziwekea chembe za neva sumu ya amiloidi, zikafa kwa wingi. Walipoongeza melatonini, nyingi zilipona. Sababu moja ni kwamba amiloidi inaleta ndani ya chembe kitu kinachofanana na kutu ya chuma, na melatonini inazuia kutu hiyo. Inasaidia pia zile jiko ndogo zinazowasha nguvu ndani ya chembe, na sinapsi inakula nguvu nyingi kuliko mtu anavyodhani. Katika chupa, tena, melatonini inazuia amiloidi isijifunge kuwa nyuzi.

Kwa panya mambo ni mazuri vilevile, lakini angalia vizuri. Mwaka 2003 panya waliozalishwa wakiwa na kasoro ya Alzheimer ya wanadamu walipewa melatonini mapema, kabla madoa hayajaonekana. Amiloidi ikapungua na panya wakaishi zaidi. Mwaka 2015, kule Korea, panya waliotiwa amiloidi ubongoni kisha wakapewa melatonini walirudishiwa zile protini za pande zote mbili za sinapsi, upande unaotuma na upande unaopokea, na kumbukumbu yao ikawa bora. Hiyo ndiyo habari iliyomfikia muyomba wako. Lakini mwaka 2005 wataalamu wengine walianza kuwapa dawa panya waliokwisha kuzeeka, wenye madoa tayari. Hawakuona faida yoyote: amiloidi ilibaki ileile, kutu ileile. Utafiti huo hausambazwi sana kwenye simu. Na tusisahau kwamba panya ni mnyama wa usiku. Kengele inayotuambia sisi tulale, yeye inamwambia aamke akaibe mihogo.

Kwa watu? Mwaka 2003 huko Marekani wagonjwa 157 wa Alzheimer waliosumbuliwa na usingizi waligawanywa: wengine melatonini nyingi, wengine kidogo, wengine kinini tupu isiyo na dawa. Usingizi wao haukupata tofauti ya kuaminika. Mwaka 2014 utafiti wa watu 80 ulionyesha faida kidogo, zaidi kwa wale waliokosa usingizi sana. Lakini waliolipia utafiti huo ni watengenezaji wa dawa, kwa hiyo tunausoma kwa jicho moja wazi. Mwaka 2020 waliokusanya pamoja majaribio ya namna hiyo hawakupata ushahidi kwamba melatonini inawasaidia wagonjwa wa Alzheimer kulala. Kwamba inalinda sinapsi ndani ya ubongo wa mtu anayeishi, bado hakuna aliyeonyesha.

Basi muyomba wako hakudanganya. Alisoma habari ya panya, akaituma kwa bibi.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote. Ulifanyika Uholanzi, ukatangazwa mwaka 2008. Katika nyumba 12 za kutunzia wazee, watu 189 walifuatwa muda mrefu. Katika nyumba nyingine waliweka mataa makali darini, yanayowaka mchana kutwa. Wengine walipewa melatonini jioni, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Wazee waliokaa kwenye mwangaza mkali wa mchana, akili yao ilishuka polepole kidogo kuliko ya wenzao, na huzuni ikapungua. Waliopewa melatonini peke yake walilala mapema na kwa muda mrefu zaidi, lakini walikuwa na uso wa huzuni na kujitenga na watu. Melatonini pamoja na mwangaza, ubaya huo ukaondoka. Maana yake nini? Kengele ya usiku haina faida kama mchana hakuna mchana.

Waholanzi walinunua mataa. Kalundu jua linatoka nyuma ya milima ya Burundi na kuangaza ziwa lote, na hakuna anayeliuza. Tatizo ni kwamba tunamfungia mzee ndani kwa kuona haya, ndani ya chumba chenye dirisha moja lililofunikwa na kitambaa, halafu tunashangaa kwamba halali usiku.

Kwa hiyo, dada, fanya hivi. Kabla ya yote mpeleke bibi kwa munganga au infirmiye aliyesoma, hata kama kituo ni mbali. Mzee akivurugika kwa ghafla, siku mbili tatu tu, mara nyingi siyo Alzheimer: ni malaria, ni ugonjwa wa mkojo, ni kukosa maji mwilini, ni dawa aliyopewa vibaya, au mshipa umepasuka kichwani. Hayo hayangojei. Hata usahaulifu uliokuja polepole unaweza kutoka kwa tezi ya shingo au upungufu wa damu, vitu vyenye dawa. Wampime tansio. Waangalie macho na masikio. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa mataifa iliandika katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet kwamba karibu wagonjwa 45 kati ya 100 wangeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangetunzwa tangu ujana, na kati ya hayo ziko tansio, sukari, pombe nyingi, kukosa masomo, na kutosikia. Mmesikia, ninyi mnaotoboa mawe na kupiga baruti bila kuziba masikio? Sikio linalokufa leo shimoni linadai deni lake kwa ubongo ukiwa mzee.

Asubuhi mtoe nje, akae kwenye mwangaza saa moja au mbili, kichwa kikiwa kivulini kama jua ni kali. Mpe kazi: kuchambua ndakala, kuosha mchele, kukunja nguo, hata kama wewe utarudia nyuma yake. Usimwache asinzie mchana kutwa. Jioni punguza taa, na simu za watoto zikae chumba kingine. Taa moja ndogo ibaki njia ya choo asianguke. Mlangoni tundika makopo mawili ya maziwa matupu, yakilia utaamka. Uwaambie na wavuvi wale waliomrudisha kwamba ni mgonjwa, na uwashukuru.

Najua vizuri kwamba ninaandika juu ya usingizi kwa watu ambao usiku mwingine hawalali kwa sababu ya risasi au ya maji ya ziwa yanayoingia nyumbani. Siyo kila usiku uko mikononi mwetu. Fanyeni kwa ile inayowezekana.

Na akisema boti inafika, usimwambie, "Babu alikufa, umesahau?" Kila mara utakapomwambia atalia kana kwamba amekufa leo. Mwambie, "Bibi, unisimulie namna alivyokuwa anashuka botini." Atasimulia. Mara nyingi, akiisha kusimulia, atakubali kurudi kitandani.

Sasa jirani.

Maneno yale siyo ya kuchekwa. Mwaka 2021 redio na magazeti zilitangaza kwamba katika mwezi wa Septemba peke yake wanawake wapatao wanane, wengi wao wazee, waliuawa katika Kivu ya Kusini kwa kuitwa wachawi. Wengine walichomwa moto. Na wengine walitajwa na watu wanaojiita manabii. Linatuuma kuliandika hili katika gazeti la kanisa, lakini ni lazima, kwa sababu watu waliobeba kuni wengine wao walikuwa wameimba Jumapili.

Sikilizeni hesabu hii. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, wataalamu waliwapima wazee 1198 wenye miaka 70 na zaidi, vijijini, katika mwaka 2009 na 2010. Walipata kwamba karibu watu 6 kati ya 100 wana ugonjwa wa kupotelewa na akili. Kama kanisa lenu lina wazee 50 wa umri huo, tegemeeni kwamba watatu hivi watakuwa nao. Watachanganya usiku na mchana, watapotea njia, wataita watu kwa majina ya wafu. Hawajatumwa na mtu. Kwetu Kongo pia kazi imeanza: Dokta Jean Ikanga, Mkongomani anayefundisha Marekani katika chuo kikuu cha Emory, anachunguza ugonjwa huu pamoja na chuo kikuu cha Kinshasa, akipima kumbukumbu, damu na picha za ubongo za wazee wa Kinshasa. Uchawi haupigwi picha, dada. Sehemu za ubongo zilizonyauka zinaonekana.

Usingoje jirani aongee mara ya tatu. Nenda wewe na mtu mzima wa jamaa kwa mchungaji wenu, na kwa shefu wa avenyu, mchukue na karatasi ya munganga iliyoandikwa ugonjwa. Mchungaji aje kumsalimu bibi mchana, mbele ya macho ya watu, anywe chai kibarazani. Kisha mumwite jirani naye, kwa upole, mumweleze. Watu wengine wana woga tu, siyo ubaya. Lakini kama akiendelea, au kikundi cha vijana kikianza kuzunguka nyumba, msibaki hapo kubishana: mwondoeni bibi usiku uleule mpaka kwa jamaa wa mahali pengine, kisha mshitaki. Kumwita mtu mchawi na kumpiga ni kosa mbele ya sheria.

Na ile chupa? Usimpe bibi kwa sasa. Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walipima bidhaa 25 za melatonini, za ile namna ya pipi, wakakuta 22 zina kiasi kisicholingana na maandishi ya kopo. Moja haikuwa na melatonini hata kidogo. Kule inauzwa kama chakula, siyo kama dawa. Ichukue ukamwonyeshe munganga siku utakayompeleka bibi, pamoja na dawa zote anazokunywa, kwa maana zinaweza kugombana. Akiona inafaa kujaribu kidogo jioni, wakati bibi anapata mwangaza mchana, yeye ataamua kipimo na kuangalia. Valiumu ya kununua kwenye kibanda usiiguse kabisa: inawafanya wazee waanguke na kuvunjika nyonga, na akili inachanganyika zaidi. Muyomba umshukuru. Umwambie kwamba safari nyingine atume mashine ya kupimia tansio, itatumika kwa avenyu nzima.

Utuandikie tena bibi akiisha kupimwa, tutaendelea pamoja nawe. Mwezi ujao tutajibu baba mmoja wa Kipushi aliyeuliza juu ya vumbi la mawe na kifua chake.